Furushi la vipande kutoka kwa mafundi wa Kiyembe: linafaa kushonea nini?

Mafundi wa Kiyembe, katikati ya Kampala, hubaki na vipande vingi baada ya kukata magauni na gomesi (vazi refu la kitamaduni la wanawake wa Uganda), na ukiulizia utafungiwa furushi. Tunalipendekeza, kwa sharti moja: lifunguliwe mbele yako kabla hujalipa. Udogo wa vipande si tatizo. Tatizo ni mchanganyiko, maana pamba ya kitenge hufungwa pamoja na poliesta inayong'aa, na hizo mbili hazielewani kwenye maji wala kwenye pasi.

Ukizitilia shaka, chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibanio na uziwashe juu ya sahani. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha majivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka, kisha huganda kuwa kitone kigumu. Geuza pia kitambaa: kilichokolea rangi pande zote mbili kinafaa kilemba, kilichopauka nyuma kishonee kitu chenye bitana.

Fua kila kitu kwanza, vyekundu na vya bluu iliyoiva peke yake hadi maji yatoke safi. Ukiruka hatua hii, kipande kimoja kitasinyaa kuliko jirani yake na mshono utajaa makunyanzi.

Kazi inayolitendea haki furushi hili ni foronya ya mto wa kochi wa sentimita 40. Kata miraba 16 ya sentimita 11.5, ukifuata uzi wa kitambaa, wala usiufuate mchoro. Shona safu nne za miraba minne, mshono uingie milimita 7.5, sindano namba 14. Piga pasi mishono ya safu ya kwanza kuelekea kushoto, ya pili kulia, vivyo hivyo hadi mwisho, ili pembe zikutane bila kurundikana. Hapa ndipo wengi hukosea: mshono ukizidi milimita moja tu, kila kiungo hula milimita mbili, na kwa viungo vitatu safu inapungua milimita sita. Weka alama ya tepu kwenye bamba la cherehani. Nyuma hakuna haja ya zipu. Vipande viwili vya sentimita 41.5 kwa 28, kila kimoja kikikunjwa pindo la sentimita 2 kwenye upande mrefu, hupishana vya kutosha.

Vishikio vya sufuria vinataka pamba tupu, sentimita 20 kwa 20, na ndani tabaka tatu za taulo kuukuu. Usiweke sponji ya godoro wala poliesta, kwani sufuria ya moto itaviyeyusha mkononi. Poliesta ing'aayo ipeleke kwenye vibanio vya nywele: utepe wa sentimita 10 kwa 50, lastiki ya sentimita 20.

Vipande vya mviringo vilivyotoka shingoni na kwapani huvutika kingoni, kwa hiyo visiingie kwenye miraba, vifunikie vifungo. Vilivyo chini ya sentimita 4 vikatekate uvijaze ndani ya mto, kidogo kidogo ukianzia pembeni, la sivyo vitajikusanya katikati na kuwa donge.