Uzoefu Wangu: Kukodi Kayaki kwa Safari ya Kuvua na Kulala Nje, Magharibi ya Pemba

Kwa yeyote anayefikiria kukodi kayaki ili avue na kulala nje kwa siku kadhaa katika upande wa magharibi wa Pemba, baina ya Makangale na Wete, jibu langu ni kwamba vyombo ni vizuri, vijana wanaoongoza safari ni hodari, lakini ratiba anayopewa mteja haifai kufuatwa kama ilivyoandikwa. Jina la wenye huduma silitaji, kwa kuwa haya yote nimeshawaeleza wenyewe ana kwa ana, na kwa kuwa kasoro ninayoizungumzia naamini utaikuta kwa kila anayekodisha vyombo vya aina hii akiwa amejifunza kazi mahali ambapo maji yanakwenda upande mmoja tu.

Ratiba yao ilikuwa karatasi moja safi, yenye kilomita za kila siku, saa ya kuondoka na saa ya kufika. Kila siku ilianza saa tatu asubuhi baada ya chai. Ilikuwa na hata nafasi ya kujaza mwelekeo wa mkondo, mmoja kwa siku nzima. Karatasi kama hiyo ingemfaa mtu anayeshuka Rufiji, ambako maji yanateremka usiku na mchana na kazi ya mpangaji ni kujua umbali, mahali pa kulala na pahali penye viboko na mamba. Pemba hatuna mto wa namna hiyo. Tuna hori na ghuba zilizoingia ndani ya ardhi, zimezungukwa na mikoko, na nje yake visiwa vya Njao, Fundo, Uvinje na Kokota vinavyokinga mawimbi ya mkondo mkuu wa Pemba, yaani bahari iliyo baina ya kisiwa na bara. Mtu akitazama ramani anaweza kuyaona maji yale kuwa ni mto uliotulia. Ndani yake, hata hivyo, maji huja na kurudi mara mbili kila siku, na kilomita tano za asubuhi si kilomita tano za jioni.

Tofauti ya maji kujaa na kupwa katika visiwa vyetu hukaribia mita 4 wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hupungua sana wakati wa maji mafu, karibu na siku ya saba au ya nane ya mwezi mwandamo na tena siku ya ishirini na mbili. Jambo ambalo kila mvuvi analijua, na ambalo karatasi ile haikulijua, ni kwamba siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Kwa hiyo anayeondoka saa tatu katika siku hizo, akiwa ndani ya hori, ataipata saa moja tu ya kupiga kafi kabla ya kujikuta juu ya tope, pamoja na chombo, hema, maji ya kunywa na chambo chake. Wakati huo ndio wanawake wanapoteremka pwani kuokota chaza na kuchokoa pweza, na masafa kutoka ukingo wa mikoko mpaka kwenye maji yanaweza kuwa mamia ya mita. Kayaki ya kuvulia ya mtu mmoja huwa na uzito wa kilo 25 mpaka 40 ikiwa tupu. Ukiipakia mzigo wa siku kadhaa, watu wawili wanaibeba kwa tabu, na kuiburuta juu ya mawe ni kuitoboa.

Tulikaa na kiongozi wetu kwenye baraza ya ofisi yao tukaipanga safari upya kwa kalenda ya mwezi mwandamo. Tuliamua kuanza siku ya sita ya mwezi mwandamo, ili siku za mwanzo tuwe katika maji mafu. Katika siku hizo maji hujaa baina ya saa tatu na saa tano asubuhi, hivyo hori zinapitika mchana, mkondo kwenye milango ya visiwa, yaani nafasi zilizo baina yao, ni dhaifu, na chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, ikishushwa chini inakaa chini badala ya kusombwa. Pia tuligeuza mwelekeo. Karatasi ilitaka tuanze Wete twende kaskazini, nasi tulikuwa mwishoni mwa Kaskazi, ambapo upepo, ingawa umelegea, bado unatoka huko huko tunakokwenda. Kayaki zikapakiwa kwenye gari la mizigo, zikapelekwa Makangale kwa njia ya Konde, tukaanzia huko na kuteremka kusini tukiwa na upepo mgongoni. Wakati wa Kusi ingekuwa kinyume chake. Nawasifu kwa hili: hawakubishana, hawakutoza zaidi ya mafuta ya gari, na kiongozi mwenyewe alionekana kufurahi kuona kuna mteja anayeuliza tarehe ya mwezi kabla ya kuuliza bei.

Sasa chombo chenyewe. Ni kayaki ya plastiki ya kukalia juu, yenye urefu wa mita tatu na kitu, na vitundu vya kutolea maji chini ya kiti, kwa hiyo hata wimbi likiingia halikai. Kiti ni cha fremu ya alumini na kitambaa, kimenyanyuka kiasi cha kumwezesha mtu kukaa saa nyingi bila kuumwa na mgongo, na kwa mtu wa umri wangu hilo peke yake lilistahili fedha niliyolipa. Vishikio vya fimbo za kuvulia viko viwili nyuma na kimoja mbele. Cha mbele kimewekwa karibu mno na goti, kiasi kwamba kila ukipiga kafi kwa nguvu unakigonga. Usukani unaoendeshwa kwa miguu ulikuwa mzuri siku ya kwanza. Siku zilizofuata mchanga uliingia kwenye reli za kukanyagia, zikawa zinakwama, na nikawa nazimwagia maji kila tunapotia nanga. Mpira wa kuzibia mfuniko wa mbele ulikuwa umekatika kidogo upande mmoja. Ndani niliweka vitu vyote kwenye mifuko isiyopitisha maji, kwa hiyo sikupata hasara, lakini anayekodi afungue mfuniko, apitishe kidole kuuzunguka mpira wote, na adai kayaki nyingine ikiwa anahisi ufa.

Majaketi ya kuokolea yalikuwa mapya na ya saizi tofauti, na kila moja lilikuwa na filimbi. Watu wa visiwa hivi, tangu Septemba 2011 ilipozama Spice Islander, hawahitaji kuelezwa faida yake, ingawa bado wapo wanaolikalia badala ya kulivaa. Kamba ya kulifunga kafi kwenye chombo nayo ilikuwepo. Niliitazama mwanzoni kama pambo, mpaka siku niliyokuwa nakokota mshipi karibu na mlango wa Njao, kolekole akashika. Mikono yote miwili ilihitajika kwenye mshipi, kafi likaenda majini, na samaki akaigeuza kayaki pua ikamwelekea yeye na kuanza kunivuta kuelekea kwenye mwamba, ambako maji yalikuwa yanameta meupe. Kiongozi alikuja kwa nyuma akashika mkia wa chombo changu na kupiga kafi kwa mkono mmoja kurudi kwenye kina. Kafi langu lilikuwa linaelea hapo hapo, limening'inia kwenye kamba yake. Kolekole alifika chomboni akiwa amechoka kuliko mimi, ingawa si kwa mbali.

Milango hiyo inahitaji heshima. Maji yanapopwa, yote yaliyojaa ndani ya ghuba hutoka kwa kupitia nafasi chache zilizo baina ya visiwa, na nje yake mwamba unakatika ghafla kuingia kwenye kina kirefu cha mkondo wa Pemba, ambao una upana wa kilomita 50 hivi mpaka Tanga. Mtu anayepiga kafi kwa mwendo wa kawaida, kilomita nne au tano kwa saa, hawezi kushindana na maji hayo siku ya bamvua. Tulivuka kila mlango maji yaliposimama, na hapo ndipo tulipopata samaki wazuri zaidi: changu, chewa wadogo tuliowarudisha, na mzia mmoja aliyekata mshipi. Ndani ya hori, chini ya mikoko, chaa walishika kwa chambo cha vipande vya kamba wa baharini bila kuchagua. Vifaa vya kuvulia vya kampuni, kwa kweli, ni vya kitalii. Fimbo ni laini na ndoana ni ndogo. Nilichukua mshipi wangu wa mkono na sikujuta.

Kuhusu kulala, hema lao ni zuri kwa mbu na usubi, na usubi wa mikoko jioni si wa kuutania, lakini ni la joto na vigingi vyake havishiki mchangani. Tulijaza mifuko mchanga, tukaifukia, tukaifunga kamba za hema humo. Jiko la gesi lina mtungi mdogo usiobadilishika popote baada ya kuondoka, kwa hiyo tulipikia makumbi ya nazi na vifuu kwa sehemu kubwa ya safari. Kukata mikoko kwa kuni ni marufuku bila kibali, na kiongozi alilisema hilo siku ya kwanza bila kuulizwa. Maji ya kunywa nashauri yabebwe kwenye madumu ya lita tano tano, kiasi cha dumu moja kwa mtu kwa siku, kwa sababu yanapangika mbele na nyuma ya chombo. Kampuni walitaka kunipa dumu moja la lita ishirini, ambalo huinamisha kayaki upande mmoja safari nzima.

Mahali pa kulala ndipo nilipojifunza zaidi, na waliotufundisha hawakuwa watu wa kampuni. Upande wa ndani wa Fundo tuliwakuta wavuvi wakipiga dago, yaani wamepiga kambi ya muda ya kuvulia mbali na kwao, wakiwa na banda lao la makuti na samaki wanaokauka juu ya chanja. Tuliwaamkia, tukamuulizia mkubwa wao, tukaomba tulale jirani. Kiongozi wetu alikuwa ameshaanza kulitandika hema juu kidogo ya ule mstari wa majani makavu ya baharini ambao maji ya usiku uliopita yaliuacha, na kwa mtu wa kawaida hapo palionekana salama. Yule mzee alitazama, akasema, "Wanangu, msilale hapo. Maji ya leo si ya jana." Maji mafu yalikuwa yamekwisha na kila usiku maji yalikuwa yanapanda zaidi kuelekea mwezi mpevu. Tulihamia juu, kwenye mizizi ya mkadi. Karibu na usiku wa manane nilitoka na tochi, na mstari ule ulikuwa tayari uko chini ya maji. Hakuna ratiba iliyochapishwa yenye maelezo hayo, na kama kampuni wanataka ushauri wangu wa bure, wamlipe mtu wa dago akae nao siku moja wapange karatasi mpya.

Ruhusa walizishughulikia vizuri. Masheha wa maeneo tuliyolala walikuwa na habari zetu kabla hatujafika, na tuliambiwa wazi kwamba maji yote ya upande huu yamo katika eneo la hifadhi la mkondo wa Pemba, PECCA, lililoanzishwa mwaka 2005, kwa hiyo kanuni zake ni za kufuatwa hata na mwenye mshipi mmoja. Walitupa pia nafasi ya kuongeza Misali kwa malipo zaidi. Nilikataa, na ningemshauri mwingine akatae. Misali imehifadhiwa tangu 1998, sehemu yake hairuhusiwi kuvuliwa kabisa, fukwe zake ni mazalio ya kasa, na kufika huko kwa kayaki ni kuvuka maji ya wazi yasiyo na kinga yoyote. Aende kwa boti, mchana, kutazama.

Kila asubuhi kiongozi alisoma utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwenye simu palipokuwa na mtandao, na namba za KMKM, kikosi cha Zanzibar kinacholinda bahari, alikuwa amezibandika ndani ya mfuniko wa kayaki yake. Mambo madogo, lakini ndiyo yaliyonifanya nimwamini.

Bei kwa siku, kwa kayaki, hema na kiongozi, inakaribia ile ya chumba cha wastani cha wageni na milo yake, nami naiona ni ya haki ikiwa mko wawili au zaidi mnaogawana malipo ya kiongozi. Kinachonikera ni sharti la malipo ya awali: nusu ya fedha hulipwa mapema, na mteja akiahirisha, hata kwa sababu ya upepo, hairudishwi. Katika bahari hii sharti hilo linamsukuma mtu kuondoka siku ambayo hakupaswa kuondoka. Nilipowaeleza walikubali kuandika kwenye risiti yangu kwamba tarehe inaweza kusogezwa mpaka maji mafu yanayofuata ikiwa kiongozi ndiye aliyesema bahari haifai. Anayekodi kwao adai maneno hayo yaandikwe kabla ya kutoa fedha, na tarehe ya kuondoka aichague yeye kwa kalenda ya mwezi, asiwaachie wao.