Bando likiisha somo liendelee: vifaa ninavyofundishia Fizikia hapa Wete

Nafundisha Fizikia na Hisabati katika skuli ya sekondari kaskazini mwa Pemba. Kidato cha Pili nina wanafunzi 58 ndani ya chumba kimoja, na boksi la saketi la maabara lilikuwa na glopu tatu, mbili zimeungua. Kwa miaka mingi somo la umeme nimelifundisha kwa chaki. Nachora betri, nachora glopu, nachora mshale wa mkondo, watoto wananakili. Siku ya mtihani wanachora vizuri kuliko mimi, lakini ukimuuliza mtu kwa nini glopu mbili za mfuatano zinafifia, anainamisha kichwa.

Hilo ndilo lililonifanya nihangaike na programu za kufundishia. Nimejaribu nyingi, na nyingi nimeziacha kwa sababu moja: zinataka intaneti isiyokatika na zinataka kila mtoto awe na simu mkononi. Hapa skuli simu haziruhusiwi, na bando nanunua kwa mfuko wangu. Kwa hiyo kipimo changu kimekuwa kimoja tu. Bando likiisha katikati ya kipindi, somo linaendelea au linakufa?

Iliyofaulu kipimo hicho kuliko zote ni Kolibri. Imetengenezwa na Learning Equality, shirika la Marekani lisilofanya biashara, ambalo mwaka 2012 lilitangulia kutoa KA Lite, programu ya kusomea masomo ya Khan Academy bila intaneti. Ni ya bure. Unapakua masomo mara moja tu, mahali penye intaneti nzuri, kisha laptopu yako inakuwa maktaba ya darasa zima. Kompyuta nyingine zinaingia humo kwa Wi-Fi, kwa kutumia kivinjari cha kawaida, bila hata kilobaiti moja kutoka nje. Ukurasa wake wenyewe una Kiswahili, kwa hiyo mtoto hapotei kutafuta pa kubonyeza.

Siku ya kwanza nilikosea. Nilirusha Wi-Fi kutoka laptopu yangu mwenyewe, sikujua kwamba ina ukomo wa vifaa 8. Maabara yetu ina kompyuta 11 zinazowaka, wanafunzi watano au sita kwa kila moja. Ya tisa ikakataa, ya kumi ikakataa, na dakika 40 za kipindi zikaisha nikizima na kuwasha huku watoto wa nyuma wamekaa na skrini tupu. Wiki iliyofuata nikatafuta ruta ndogo iliyokwishatumika. Haina laini wala intaneti, kazi yake ni kuziunganisha kompyuta na laptopu yangu tu. Tangu siku hiyo sijapata tabu. Anayetaka kuanza na Kolibri namwambia atafute ruta kabla ya kitu chochote kingine.

Jambo la pili la kujua ni ukubwa wa mafaili. Masomo yote ya Kiingereza ya Khan Academy, ile maktaba ya bure ya video na mazoezi, ni makumi ya gigabaiti. Usiyachukue yote. Kolibri inakuruhusu kuchagua mada moja moja, nami nilichagua umeme, mwendo na aljebra, basi. Na ukishapakua, mwenzako anaweza kunakili kwako kwa flashi bila kugusa bando lake.

Lakini kilichonifunga moyo na Kolibri ni karafuu. Msimu ukifika, darasa linapungua. Watoto wanakwenda mashamba na wazee wao, mchana wanachuma, usiku wanachambua karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, mpaka saa nne, saa tano. Siwalaumu hata kidogo, fedha ya karafuu ndiyo inayonunua sare na madaftari. Ila zamani, aliyekosa wiki mbili za saketi alikuwa amezikosa moja kwa moja, maana mwalimu hawezi kurudia somo kwa kila mmoja anaporudi. Sasa kila nililofundisha nalipanga humo kama somo kamili: video fupi, jaribio moja, maswali kumi. Anayerudi anakaa na kompyuta baada ya sala ya adhuhuri na kuanzia pale alipoachia. Mimi naona kwenye ripoti amefika wapi na amekwama swali gani. Msimu uliopita msichana mmoja alirudi vidole vyake bado vinanukia karafuu, akamaliza masomo ya wiki mbili kwa siku nne, na siku ya tano alikuwa anamuelekeza mwenzake.

Hizo ripoti zimenifundisha na mimi pia. Baada ya maswali ya Kanuni ya Ohm niliona swali moja limekosewa na wanafunzi 31 kati ya 46 waliofanya. Nikakaa nalo jioni. Kutafuta mkondo walikuwa wanagawa kinyume, ukinzani kwa volteji badala ya volteji kwa ukinzani, na walichukua hivyo kutoka ubao wangu, kwa ile pembetatu ya kukumbukia kanuni ninayoichora haraka haraka. Nisingelijua bila ya ripoti ile. Somo nikalirudia kesho yake.

Majaribio ninayoyaweka humo, yale ya maabara yanayoigizwa kwenye skrini, ni ya PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyepata Nobel ya Fizikia mwaka mmoja kabla. Nayo ni ya bure, na kila jaribio unaweza kulipakua kama faili moja likafunguka bila intaneti. La saketi ndilo nilipendalo kupita yote. Mtoto anavuta betri, waya na glopu, anaunga, na anaona chembe za umeme zikitembea ndani ya waya. Akiongeza glopu ya pili kwa mfuatano, zote zinafifia mbele ya macho yake. Akiziunga sambamba, zinang'ara. Anaweka ammeta, kipimo cha mkondo, na kusoma mwenyewe.

Na wakiunganisha waya mtupu kutoka ncha moja ya betri hadi ya pili, moto unaibuka kwenye skrini. Darasa zima lilipiga ukelele siku ile! Nikawaacha watulie, kisha nikauliza nani nyumbani kwao wanaunga nyaya kwa mkono. Mikono mingi. Hapo ndipo tulipozungumza habari ya fyuzi, na hakuna aliyesinzia.

Kuhusu lugha, baadhi ya majaribio hayo yana tafsiri ya Kiswahili. Pale ilipo, nafungua ya Kiswahili kwanza mpaka waelewe mkondo ni nini, ndipo nafungua ya Kiingereza, kwa sababu mtihani wao uko kwa Kiingereza. Video nyingi nazo ni za Kiingereza, zenye dola na inchi. Nazisimamisha kati na kuzieleza upya kwa shilingi na kwa fungu la dagaa.

Kwa maswali ya haraka darasani natumia programu ya simu iitwayo Plickers. Kila mwanafunzi ana kadi ya karatasi yenye alama yake, anaigeuza juu, chini, kulia au kushoto kulingana na jibu, nami napitisha kamera ya simu yangu juu ya darasa. Majibu yanaingia yote, na hakuna anayejua mwenzake kajibu nini, kwa hiyo hata wale wasionyoosha mkono wanajibu. Kadi 63 za seti kubwa zinanitosha. Bando inataka, lakini dogo. Msizipake nailoni inayong'aa. Zangu za mwanzo nilizipeleka steshenari zikapakwa, na mwanga wa dirishani ukazifanya zisisomeke. Manila ngumu inatosha.

GeoGebra naitumia kwa grafu, na ni nzuri, sina zaidi la kusema. Kundi la WhatsApp la wazazi tulilianzisha skuli zilipofungwa Machi 2020, na hadi leo natuma humo ujumbe wa sauti badala ya maandishi, kwa kuwa mama aliyeko shamba anasikiliza huku mikono inafanya kazi.

Umeme wetu Pemba unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari tangu 2010, na siku ukikatika, betri ya laptopu inanifikisha mwisho wa vipindi viwili. Ruta nimeichomeka kwenye pawabenki. Kompyuta za maabara zinazimika, hilo halina dawa, basi nafungua jaribio kwenye laptopu na watoto wanaizunguka kwa zamu.

Juzi maalim mwenzangu wa Biolojia ameniletea flashi ya gigabaiti 64 nimjazie. Nimemwambia tuanze na mada moja, mmeng'enyo wa chakula, kwa kuwa ndiyo anayoifundisha Jumatatu.