Faiba ya ofisini Arusha: kasi nzuri, njia ndefu mno

Kwa miezi minane sasa ofisi yetu ya uwakala wa forodha, karibu na Mnara wa Saa hapa Arusha, inatumia faiba ya kampuni moja kubwa ya intaneti. Kwa upande wa kasi sina lalamiko: tulilipia megabiti 20 kwa sekunde, na ndizo tunazopata mchana na usiku. Mafundi nao walifika siku waliyoahidi.

Kasoro iko kwenye njia. Mfumo wetu wa kusajili mizigo inayopita Namanga uko kwenye seva ya Nairobi, mji usiofika kilomita 300 kutoka hapa, lakini kila karani alipohifadhi fomu alisubiri sekunde tano na zaidi, na siku moja alibofya tena, fomu ikaingia mara mbili. Nilipofuatilia pakiti zetu, yaani vipande vya data tunavyotuma, kwenye ruta (vifaa vya kuelekeza data) moja baada ya nyingine, niliziona zikishuka Dar es Salaam, zikivuka bahari hadi London, kisha zikirudi Mombasa na kupanda Nairobi. Kwenda na kurudi zilichukua milisekunde 260, na kuhifadhi fomu moja huhitaji safari kama ishirini za aina hiyo. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata tungelipia megabiti 100, safari isingefupika.

Fundi wao, ambaye namshukuru kwa uwazi wake, alinieleza kuwa kampuni ina vituo vyake katika miji yote hiyo, na kwamba njia ya London imepewa uzito mdogo (uzito ni namba ambayo ruta hulinganisha, na njia yenye jumla ndogo ndiyo huchaguliwa) kwa sababu ilishalipiwa kwa mkupuo, ilhali ya Namanga hulipiwa kila mwezi. Hapo ndipo ninapotofautiana na wapangaji wao. Kanuni, yaani hatua za kukokotoa, aliyoichapisha mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra mwaka 1959 hupata upesi njia nyepesi kuliko zote, hata kati ya maelfu ya ruta, lakini hutii uzito inaopewa. Ikipewa gharama peke yake, kuchelewa haikuoni. Kutafuta njia ya bei ndogo kabisa ambayo muda wake hauzidi kikomo ni hesabu ngumu zaidi, na hakuna kanuni ya haraka inayojulikana kutoa jibu kamili kwa kila mtandao. Hata hivyo, mtu anaweza kujumlisha gharama na muda katika uzito mmoja, kisha akaongeza uzito wa muda kidogo kidogo hadi njia iingie ndani ya kikomo, akapata jibu linalofaa kabisa kwa kazi.

Baada ya wiki mbili walituhamishia njia ya Namanga, na sasa safari ni milisekunde 8. Lakini njia hiyo ikikatika tunarudishwa London bila taarifa, kama ilivyotokea mara mbili mwezi uliopita. Anayetaka kutazama video tu ataridhika nao. Mimi ninawapa nyota tatu kati ya tano, na ya nne nitaiongeza siku watakapoandika kikomo cha muda ndani ya mkataba.