Miwani tatu kutoka Usita wa Mui

Nimenunua miwani tatu za jua katika duka dogo la Usita wa Mui, hapa Lamu, shilingi 900 kila moja. Ni ile inayokata mng'ao wa maji: vioo vyake hupitisha mwanga unaotetemeka kwa mwelekeo mmoja tu. Manahodha huivaa wakipita mkondo wa Mkanda maji yakipwa, waone fungu la mchanga kabla chombo hakijapanda. Mimi nafundisha fizikia, nilizitaka kwa kidato cha nne.

Kabla ya kulipa niliazima kikokotoo cha mwenye duka, nikawa nazungusha kila miwani mbele ya kioo chake. Miwani ya kweli hufika mahali tarakimu zikapotea kabisa. Moja haikubadilisha kitu, plastiki nyeusi tu. "Basi chagua nyingine, mwalimu," akasema, akanimwagia boksi zima juu ya meza. Nimempenda kwa hilo. Fremu ni hafifu, skrubu moja imeshatoka.

Lakini vioo! Simamisha miwani moja wima, ya pili ilaze mbele yake: giza. Penyeza ya tatu katikati, mshazari, nyuzi 45, na mwanga unarudi. Vioo hivi vingekuwa vichujio kamili, sehemu 1 kati ya 8 ya mwanga wa jua ingepenya. Umeongeza kizuizi, mwanga umezidi. Darasa lilinyamaza, kisha binti mmoja akauliza: "Mwalimu, fotoni moja, ile chembe ya mwanga, ina mwelekeo wake kweli, au ni sisi tunaokisia?"

Miaka yote nilijibu kuwa hali ya kwantamu, yaani maelezo ya kihesabu tunayotabiria tabia ya fotoni, ni ujuzi wetu tu, kama karatasi ya nyakati za maji kujaa na kupwa: karatasi si bahari. Miwani peke yake haiamui. Mwaka 2007 mwanafizikia Robert Spekkens alionyesha mfano wa kinadharia ambamo hali ni ujuzi mtupu, na maajabu mengi ya kwantamu yakatokea humo humo. Kilichonigeuza ni hoja ya wanafizikia Pusey, Barrett na Rudolph ya 2012: ikiwa vitu vilivyoandaliwa kwa kutengwa kila kimoja kina uhalisia wake usiomtegemea mwenziwe, na utabiri wa kwantamu ni sahihi, basi hali mbili tofauti haziwezi kuuelezea uhalisia ule ule mmoja. Wapo wanaolikataa sharti hilo la kwanza, na binti yule nilimwambia hivyo. Mimi sasa naamini hali ile ipo.

Nitarudi kuchukua nyingine sita, kila meza ipate zake. Ukienda, beba kikokotoo chako.