Unga wa tangawizi wa Nakasero: chai tamu sana, ila ile karatasi ya pakiti waitoe

Jamani huu unga nimekaa nao mwezi mzima sasa kwa hiyo naongea kitu nakijua. Nilinunua kwa Hajati mmoja anauza viungo soko la Nakasero, Kampala, robo kilo shilingi 8,000, anasema tangawizi inatoka kwao Butambala na mi namwamini maana ukifungua tu pakiti nyumba nzima inanukia. Nusu kijiko kwa sufuria ya chai ya maziwa inatosha kabisa. Wale mnaosema inachoma koo ni kweli, tangawizi mbichi ukali wake ni wa kitu kinaitwa jinjeroli, sasa ikikaushwa sehemu ya hiyo jinjeroli inageuka shogaoli, na hiyo ni kali zaidi, so usipime kama unavyopima ile ya kutwanga. Dada yangu mjamzito alikuwa hashiki chakula asubuhi, mkunga akamruhusu kidogo kidogo, kichefuchefu kimepungua.

Sasa shida ni karatasi iliyobandikwa kwa pakiti. Imeandikwa inaua bakteria zote na inaponya ugonjwa wa kusahau. Bibi yangu yuko Bombo, mwaka wa pili huu anasahau, anakuuliza umekula, unamjibu, dakika tano anauliza tena, na mjomba aliposoma hiyo karatasi akasema basi dawa za kliniki tuache tumpe tangawizi asubuhi na jioni. Nililia siku hiyo, kweli.

Nikakaa nikasoma. Kwenye maabara ni kweli dondoo ya tangawizi, yaani ile nguvu yake iliyokamuliwa, inazuia bakteria kama E. coli na Staphylococcus aureus wasikue, lakini hiyo ni dondoo nzito imewekwa moja kwa moja kwenye kisahani chenye bakteria, si kikombe cha chai kinachopita tumboni kwanza. Mtu ana taifodi au kidonda kimeoza akanywa chai akangoja, atachelewa. Na upande wa ubongo, jinjeroli na shogaoli zimeonekana kupunguza uvimbe na kulinda seli za neva, hata kwenye mambo ya ile protini ya amiloidi inayorundikana kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kusahau, lakini mwingi wa ushahidi huo ni panya na seli za maabara. Kwa binadamu hakuna mtu aliyethibitisha kwamba tangawizi inaponya Alzheimer. Hakuna. Tena kama mzee wako anameza warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, muulize daktari kabla hujamjazia tangawizi.

Na kama ni dawa kweli ingesajiliwa NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, mi nimegeuza pakiti pande zote sijaona namba, hata alama ya UNBS, shirika la viwango, hakuna.

Nilirudi nikamwambia Hajati kwa heshima, akanisikiliza, akasema mwanangu hizo karatasi tunaletewa zimeshachapwa na sisi tunabandika tu. Nikamwambia unga wako unajiuza wenyewe Hajati, andika tangawizi ya Butambala, inatosha. Akasema ataongea na anayechapa.

Kwa unga nyota tano, karatasi nyota moja. Bibi tumemrudisha kwa dawa zake, na jioni anapata chai yake ya tangawizi kwa sababu anaipenda tangu zamani. Jumamosi naenda kununua tena, nikikuta wamebadilisha karatasi nitaandika hapa.