Art Joburg au 1-54 ya London?

Wasanii wenzangu wa Bagamoyo mnaodunduliza hela mkaone maonesho makubwa ya sanaa, mimi nasema anzeni na Art Joburg. Ipo toka 2008, inafanyika Sandton, jijini Johannesburg, Afrika Kusini, na Mtanzania haombi viza kama hazidi siku 90, hapo tu ushaokoa hela ndefu.

1-54, maonesho ya sanaa ya Afrika, ilianza 2013 London, pale kwenye jumba la Somerset House, hiyo 54 ni idadi ya nchi za Afrika, na nakiri kwa utamu inashinda maana ni vyumba vyumba, unasogea kwenye mchoro mpaka unaona rangi ilivyoganda kwenye kona, kama unavyosimama nyuma ya mchoraji huku kwetu Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Ila viza ya Uingereza, jamani!