Kitani na epoksi ya mimea kwenye boti: vinafaa wapi, vinaharibikia wapi

Kwa sitaha, vifuniko na kuta za ndani za boti, kitambaa cha kitani kilicholowekwa epoksi yenye asili ya mimea, yaani resini ya maji inayoganda ikawa ngumu, tunakipendekeza bila kusita. Kwa bodi ya boti inayokaa majini kutwa kucha kinadai uangalifu mkubwa, na karakana isiyo na oveni wala pampu ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa, ibaki na faibaglasi.

Wepesi wake ni wa kweli. Bamba la milimita 3, kitani kikiwa asilimia 40 ya ujazo, lina kama kilo 3.8 kwa mita ya mraba. La nyuzi za kioo (faibaglasi) la unene huo huo, kioo kikiwa nusu ya ujazo, linakaribia kilo 5.5. Kitani pia humeza mtetemo, hivyo kelele ya injini hupungua. Kinachopungua zaidi ni nguvu ya kuhimili mvuto. Pale kamba za kufungia boti zinapovuta, ongeza tabaka za kioo.

Usiagize resini kwa hesabu ya kioo. Kitambaa cha gramu 300 kwa mita ya mraba hunywa takriban gramu 360 za resini hata kikivutwa kwa vakyumu. Cha kioo cha uzito huo hutosheka na kama 140. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya uzito wa bamba ni resini, na muuzaji aulizwe ni asilimia ngapi ya kaboni yake imetoka kwenye mimea. Anayesema bamba litaoza lenyewe anapotosha: kitani kikishagandia ndani ya epoksi hakiozi kirahisi, wala epoksi hiyo haiyeyuki upya.

Adui mkubwa ni unyevu. Kitani kilichoachwa wazi hubeba maji karibu asilimia 8 ya uzito wake. Kikaushe kwenye oveni kwa selisiasi 80 saa kadhaa, kipange kwenye kalibu kingali na joto, kisha funga mfuko wa vakyumu papo hapo. Ukiruka hatua hii, maji hugeuka mvuke chini ya vakyumu na bamba linajaa vipovu. Resini inapopita, kitambaa hubadilika kutoka rangi ya majani makavu na kuwa kahawia iliyoiva. Doa lililobaki jeupejeupe halijanywa. Kwenye kona kali kitambaa hurudi nyuma kikaacha uwazi, kwa hiyo ifanye kona iwe ya mviringo kabla ya kupanga.

Kilichobaki ni matundu na kingo zilizokatwa, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Uzi ulio wazi hufyonza maji kuelekea ndani, huvimba, na kupasua resini inayouzunguka. Kwa bolti ya milimita 8, toboa 12, jaza epoksi iliyokolezwa unga wa silika, iache igande, ndipo utoboe 8 katikati. Kingo zote zipakwe epoksi mara mbili kabla ya rangi, hasa zile za kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, kwani maji hutuama humo na hakuna anayechungulia.